Fyuzi hailindi taa, inalinda waya

Najua wengi wenu huja hapa kusoma mambo ya programu na hifadhidata. Leo naomba ruhusa tufungue boneti ya gari. Sijaacha kazi ya kompyuta, na mbele kidogo mtaona kwamba hatujatoka mbali nayo.

Nianze na msimamo wangu ili asiyekubaliana nami aanze kukasirika mapema :-)

Fundi anayekufungia taa za ukungu bila kuweka fyuzi karibu na betri hajamaliza kazi, hata taa ziwake vizuri namna gani. Asilipwe mpaka airudie. Na mteja anayelipa bila kuuliza fyuzi iko wapi amenunua moto kwa pesa zake mwenyewe, ila tarehe ya kuwaka ndiyo hajaambiwa.

Najua ni maneno makali. Nisikilizeni kwanza.

TAA ZENYEWE HAZINA KOSA

Kila baridi ya Juni ikianza, watu humiminika Kirinyaga Road (wazee bado wanaiita Grogan) kutafuta foglaiti. Sababu inajulikana na kila anayepanda barabara ya Nakuru alfajiri. Ukishapita Limuru, ukungu wa Kinale na Kinungi unaweza kukuficha lori lililo mbele yako mpaka uwe umeshalikaribia kupita kiasi. Anayeendelea hadi Eldoret anakutana nao tena Mau Summit na Timboroa, ambako barabara imepanda mpaka mita 2,700 hivi juu ya usawa wa bahari.

Magari mengi tunayonunua kutoka Japani yamekuja bila taa hizo. Ukiangalia bampa utaona kifuniko cha plastiki mahali ambapo zingekaa, kwa sababu mwenye gari wa kwanza alichukua toleo la bei ya chini. Kwa hiyo kuongeza taa ni jambo la busara kabisa. Taa ya ukungu iliyotengenezwa vizuri inatoa mwanga mpana, unaolala chini, uliokatwa kwa juu kama kwa rula. Inaonyesha kingo za barabara na mistari yake bila kuupiga ukungu ulio mbele ya macho yako. Taa kamili hufanya kinyume: mwanga unagonga ukungu, unarudi, na unakuta umejiwekea ukuta mweupe mbele ya kioo.

(Na ile rangi ya manjano? Matone ya ukungu ni makubwa kuliko mawimbi ya mwanga wa rangi zote tunazoziona, kwa hiyo yanatawanya manjano na nyeupe karibu sawasawa. Chukua rangi unayoipenda, lakini mtu asikuongezee bei kwa sababu eti manjano "inapenya". Kinachofanya kazi ni umbo la mwanga na taa kukaa chini.)

Tatizo langu liko nyuma ya taa, kwenye waya.

HESABU NDOGO

Balbu ya kawaida ya haloji kwa taa hizi ni ya wati 55. Mbili ni wati 110. Gawanya kwa volti 12 unapata ampea 9.2 hivi.

Kwa gari zima, ampea 9 si kitu. Starta peke yake hula zaidi ya mia moja. Lakini kwa waya mwembamba ni mzigo. Chukua waya wa shaba wa milimita za mraba 0.5, ule mwembamba unaouona nyuma ya redio na alamu. Ukinzani wake ni karibu omu 0.034 kwa kila mita. Ukivuta mita nne, kutoka betri hadi swichi ya dashibodi na kurudi mbele kwenye taa, una omu 0.14. Zidisha kwa ampea 9.2: zaidi ya volti 1.2 zimepotelea njiani kabla umeme haujafika kwenye balbu.

Hiyo ni kama asilimia 10. Na haloji ina tabia moja mbaya: ukiipunguzia asilimia 10 ya volti, mwanga unapungua kwa karibu asilimia 30. Basi watu wengi wanaolalamika kwamba wameuziwa taa hafifu, wangepima volti pale kwenye soketi ya taa kabla ya kurudi dukani kugombana.

Hapo tumezungumzia taa kufifia tu. Sasa sahau taa kabisa.

Fikiria waya huo huo unasugua ukingo wa chuma kila gari linapotikisika. Siku moja ganda linatoboka na shaba inagusa bodi. Bodi ya gari ndiyo hasi ya betri, kwa hiyo hapo pamepigwa shoti. Tuseme mahali palipogusa ni mita mbili kutoka kwenye betri. Waya una omu 0.07, na ukiongeza ukinzani wa ndani ya betri yenyewe na wa viungo unapata kama omu 0.08. Gawanya volti 12 kwa 0.08. Ni ampea 150. Zidisha tena kwa volti 12. Ni wati 1,800.

Hiyo ni nguvu ya birika la umeme la jikoni, na sehemu kubwa yake imeingia kwenye waya mwembamba kama njiti ya kiberiti. Ganda la plastiki linayeyuka ndani ya sekunde chache, kisha joto linahamia kwa jirani: nyaya nyingine zilizofungwa pamoja nao, sponji ya kuzuia kelele, mafuta na vumbi vilivyogandiana kwenye injini.

Hebu rudieni hesabu hiyo ya pili. Balbu haimo. Wati za taa hazimo. Ungeweza kuwa umefunga taa ndogo kuliko zote dukani na jibu lingekuwa lile lile. Ndiyo maana nasema fyuzi hailindi taa. Balbu ikiungua imeungua, unanunua nyingine. Fyuzi inalinda waya, na kwa kulinda waya inalinda gari na waliomo ndani.

Ukishalishika hilo, kanuni tatu zinakuja zenyewe:

1. Fyuzi inakaa karibu na betri, isizidi shubiri moja. Kipande chochote cha waya kilicho kati ya betri na fyuzi hakina mlinzi. Fyuzi iliyowekwa chini ya dashibodi, baada ya waya kupita chumba chote cha injini, imeacha sehemu ya hatari zaidi bila ulinzi.

2. Ukubwa wa fyuzi unapangwa kwa kuangalia waya. Iwe juu kidogo ya mzigo, lakini chini ya kile waya unachoweza kubeba. Kwa balbu mbili za wati 55 mimi huchagua waya wa milimita za mraba 2.5 na fyuzi ya ampea 15, ile ya buluu.

3. Fyuzi ikiungua haibadilishwi na kubwa zaidi. Inatafutiwa sababu. Ukitoa ya buluu ukaweka ya kijani ya ampea 30, umeuambia waya ndio uungue badala yake.

"ITAKUWA INAKUSUMBUA TU"

Mwaka 2023 jirani yangu aliniomba nimsindikize kukagua gari alilotaka kununua. Mimi si fundi, lakini nina multimita na sioni aibu kuchuchumaa mbele ya gari la mtu. Gari lilikuwa safi, rangi nzuri, injini haina kelele. Mbele lilikuwa na foglaiti mbili za kuongezwa.

Nikafuata waya. Ulitoka moja kwa moja kwenye kichwa cha betri, ukapenya ukuta wa injini kupitia tundu lisilo na mpira, ukaenda kwenye swichi ya dashibodi, ukarudi kwa tundu hilo hilo hadi kwenye taa. Hakukuwa na rilei. Hakukuwa na fyuzi. Pale kwenye tundu, ganda lilikuwa limelika mpaka shaba ilianza kuonekana, na mtu alikuwa ameizungushia tepu nyeusi.

Muuzaji alikuwa muungwana. Alimpigia simu fundi aliyeifanya kazi ile, naye akaja, karakana yake haikuwa mbali. Nikamwonyesha.

"Boss, hapo mwanzo niliweka fyuzi," akasema. "Ikawa inaungua kila wiki. Nikaitoa, itakuwa inakusumbua tu."

"Fundi, na ulijua ni kwa nini ilikuwa inaungua?"

"Fyuzi za siku hizi ni feki, boss."

Nataka kuwa mwadilifu kwa yule bwana. Mikono yake ilikuwa mizuri. Viungo alivyolehemu vilikuwa safi kuliko vyangu, na swichi aliipachika kwenye dashibodi ungedhani imetoka kiwandani. Lakini fyuzi ilikuwa ikimwambia jambo la kweli kila wiki, kwamba kuna mahali waya unagusa chuma, naye akaiondoa kwa sababu ya kusema. Tepu ile ilikuwa imefunika jibu la swali lake mwenyewe.

Jirani alilinunua gari, baada ya waya wote kung'olewa mbele ya macho yetu.

Sasa ndugu zangu wa programu, msicheke. Ni wangapi kati yetu hawajawahi kukuta, kwenye mfumo unaotumika na watu halisi, kipande cha msimbo kinachonasa kosa la aina yoyote kisha hakifanyi lolote? Kosa lilikuwa linajitokeza kila wiki, likawa linasumbua, mtu akalinyamazisha ili ukurasa usionyeshe maandishi mekundu. Miezi sita baadaye hesabu za malipo hazilingani na hakuna anayejua zilianza kupotoka lini. Ni fyuzi ile ile iliyotolewa.

Na tusisahau tumeazima kutoka kwa nani. Mwaka 2007 Michael Nygard, katika kitabu chake Release It!, alieneza mbinu ambayo leo wengi wetu tunaitumia: huduma ya mbali ikianza kushindwa, kata mawasiliano nayo kwa muda badala ya kuiacha ivute mfumo mzima chini. Jina aliloipa ni la kile kikata umeme kilichoko kwenye ukuta wa nyumba yako. Tumechukua wazo la mafundi wa umeme, tukalipeleka kwenye seva, halafu tunapanda gari lisilo na fyuzi kurudi nyumbani.

RILEI, KIPANDE KINACHOSAHAULIKA

Baada ya fyuzi, kinachofuata kwa umuhimu ni rilei. Wengi wanaiona ni gharama ya bure, kwa hiyo nieleze inachofanya.

Rilei ni swichi inayobonyezwa na sumaku badala ya kidole. Ndani kuna koili ndogo yenye ukinzani wa omu 80 hivi, kwa hiyo inakula ampea 0.15 tu. Ukiipa umeme, inavuta kikono cha chuma na kuunganisha njia nene inayoweza kubeba ampea 30. Maana yake ni kwamba waya unaoingia ndani ya gari hadi kwenye swichi yako unabeba ampea 0.15, na zile ampea 9 zinabaki mbele kwenye injini, zikipita njia fupi na nene kutoka betri hadi taa. Kumbuka volti zilizopotea njiani katika hesabu yetu. Kwa waya wa milimita za mraba 2.5, hata mita nne zile zile zingepoteza robo ya volti tu, na ukiwa na rilei hazifiki nne.

Swichi nayo inapona. Swichi nyingi ndogo za dashibodi hazikutengenezwa kukata ampea 9 kila siku. Ndani zinachomeka polepole mpaka plastiki inaanza kunuka.

Pini za rilei zina nambari zinazofuata kiwango cha Kijerumani, DIN 72552, na utazikuta hivyo karibu kwenye kila rilei ya kawaida sokoni:

Betri (chanya) >> fyuzi ya ampea 15 >> pini 30
Pini 87 >> waya wa mm² 2.5 >> taa zote mbili
Waya wa taa ndogo (paking) >> swichi >> pini 86
Pini 85 >> bodi
Hasi ya kila taa >> bodi, kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi

Kwa nini swichi ichukue umeme kutoka taa ndogo? Kwa sababu ukizima taa za gari na foglaiti zinazima zenyewe. Huwezi kuzisahau usiku kucha ukaamka na betri iliyokufa. Na ampea 0.15 haziongezi mzigo wowote wa maana kwenye waya huo, ambao tayari una fyuzi yake kutoka kiwandani.

Mstari wa mwisho hapo juu usiurukie. Umeme unaokwenda lazima urudi, na barabara ya kurudi ni bodi. Ukifunga hasi juu ya rangi au kutu, umeweka ukinzani kwenye njia ya kurudi na taa zitafifia vile vile. Kwangua, kaza bolti, paka grisi kidogo kuzuia maji.

MAGARI YA SIKU HIZI YANAJIBU

Kanuni yetu ya KS 1515 hairuhusu kuingiza gari la mtumba lililozidi miaka 8. Hilo lina maana kwamba hata gari "kuukuu" linaloshushwa Mombasa leo ni la mwishoni mwa miaka ya 2010 au baadaye. Na magari hayo si yale ya zamani ambayo swichi ya taa ilikuwa swichi kweli.

Bosch walitangaza mtandao wa CAN mwaka 1986, na Mercedes-Benz wakautumia kwenye S-Class ya mwaka 1991. Leo uko karibu kila mahali. Katika magari mengi ya namna hii, ukizungusha kitasa cha taa unatuma ujumbe tu. Kompyuta ya bodi inaupokea, kisha inawasha taa kwa transista, ikipima mkondo unaopita. Ukiongeza wati 110 kwenye waya wa taa yake, inaona mkondo umezidi na inaweza kuzima taa kubwa ili kujilinda. Uko Kinungi, saa kumi na moja alfajiri, na taa zimezimwa na kompyuta inayodhani kuna shoti. Ikishindwa kujilinda, kinachoungua ni kompyuta yenyewe, na bei yake haifanani kabisa na ya fyuzi.

Kwa magari haya mambo matatu yanaongezeka:

Kwanza, baadhi ya kompyuta hizo huendesha taa kwa kuwasha na kuzima mara mia au zaidi kwa sekunde, haraka kiasi kwamba jicho halioni. Rilei inaona. Itatetemeka kama nyuki na kufa mapema. Kwa gari kama hilo, chukua amri ya rilei kutoka kwenye sanduku la fyuzi, kwenye njia inayopata umeme ufunguo ukiwashwa, ukitumia kile kishikio cha kuongeza fyuzi ya pili juu ya ile ya kwanza. Hakikisha kwa mita kabla ya kuchomeka.

Pili, nunua rilei yenye dayodi au kinzani ndani. Koili ikikatiwa umeme inarudisha mshtuko wa volti nyingi kwa muda mfupi sana, unaoweza kupita mia moja. Gari la zamani halikujali. Transista zinajali. Ikiwa ni ya dayodi, chanya lazima iwe 86 na hasi 85. Ukizigeuza, dayodi inakuwa shoti.

Tatu, ukiona nyaya mbili nyembamba zilizosokotwa pamoja, ziache. Uwezekano ni mkubwa kwamba hapo ndipo kompyuta zinaongea. Usitoboe, usipime kwa balbu ya majaribio, usichungulie.

"LAKINI ZANGU NI ZA LED"

Hoja hii ni nzuri na sitaikwepa. Taa mbili za LED za wati 20 kila moja ni wati 40, yaani ampea 3.3. Kwa mzigo huo waya mwembamba hautaabiki na swichi ya kawaida inavumilia. Ukiniambia huhitaji rilei kwa LED ndogo kwenye gari la zamani, sitagombana nawe sana.

Lakini rudi kwenye hesabu ya shoti. Wati za taa hazikuwemo. Betri ni ile ile, chuma ni kile kile, na kwa kuwa LED inakubali waya mwembamba zaidi, waya huo utayeyuka mapema zaidi. Hoja ya LED inapunguza ukubwa wa fyuzi (ampea 5 inatosha). Haiiondoi.

"MIAKA MITATU NA HAKUNA KITU KILICHOTOKEA"

Hii ndiyo ninayoisikia zaidi, na kwa masikio ya mtu wa programu ni ule wimbo wetu wa zamani: kwangu inafanya kazi. Kasoro ya waya haionekani siku ya kufungwa. Inakua. Barabara ya murram inatikisa, injini inapasha moto na kupoa, kijana wa kuosha magari anapiga maji ya presha chini ya boneti, panya wa Limuru anatafuta pahali penye joto. Miaka mitatu bila shoti inakuambia kwamba ganda lilikuwa zima mwaka jana. Haikuambii limebaki nene kiasi gani.

Na hasara ikija inamwangukia nani? Sheria yetu ya bima ya magari, Sura ya 405, inakulazimu kuwa na bima ya mtu wa tatu. Wengi wetu tunaishia hapo hapo kwa sababu ndiyo tunayoimudu. Bima hiyo hailipi gari lako likiungua. Kwa hiyo aliyenunua gari kwa mkopo wa Sacco anaweza kubaki na bodi nyeusi kando ya barabara, na makato ya mshahara yanaendelea kila mwezi kana kwamba gari lipo. Au limeshauzwa, na anayeungua nalo ni mnunuzi ambaye hakuwahi kumwona fundi wala kuambiwa kuna waya gani nyuma ya tepu.

Yote hayo kwa ajili ya nini? Rilei, kishikio cha fyuzi na fyuzi yenyewe, ukivijumlisha, kwa kawaida havifiki bei ya lita kumi za petroli.

Hapa ndipo sikubaliani na wanaosema tatizo ni kwamba mafundi wetu hawajasoma. Fundi wa jua kali anatambua beringi mbovu kwa sikio tu. Anajua kufunga rilei, na akifunga honi kubwa za matatu anaifunga bila kuambiwa. Lakini sisi wateja tunafika tukiwa tumeshalipa taa, tunaanza kumpunguzia bei ya kazi shilingi mia kwa mia, na anapofika mahali hawezi kushuka tena anakata kile ambacho mteja hatakiona. Mteja anaona taa. Haoni fyuzi. Wenye kampuni za programu wanaopunguza bajeti mpaka majaribio yanaondolewa watanielewa vizuri sana.

Basi tuanze kulipia kile tusichokiona. Kabla ya kutoa pesa, fanya haya manne, na uyafanye kwa heshima, maana ni kazi ya mtu:

1. Mwambie, "Fundi, nionyeshe fyuzi." Iwe shubiri moja kutoka kwenye betri, na isome nambari yake.

2. Washa taa, kisha uivute fyuzi hiyo. Taa zisipozima, kuna njia nyingine ya umeme ambayo hujaonyeshwa.

3. Fuata waya kwa mkono kutoka mwanzo hadi mwisho. Kila mahali unapopita chuma pawe na mpira, na urefu wote uwe ndani ya bomba la plastiki lililofungwa mbali na egzosi.

4. Acha injini na taa viwake dakika 15, halafu shika waya na kishikio cha fyuzi. Uvuguvugu si neno. Ukilazimika kuondoa mkono, waya ni mwembamba au kiungo ni kibovu.

Kisha elekeza gari ukutani kwenye sakafu tambarare na uhakikishe ukingo wa juu wa mwanga uko chini ya urefu wa taa zenyewe, ili anayekuja mbele yako Kinale naye aone njia. Ukungu ukiisha, zizime.

Na siku fyuzi itakapoungua ukiwa safarini, utaudhika, ni haki yako. Endesha pole pole kwa taa za kawaida, ufike, umpigie fundi na umwambie atafute mahali waya ulipogusa. Asikuletee fyuzi kubwa zaidi.

Mafundi mnaosoma hapa, kama kuna namna bora ya kufunga kuliko hii, niandikieni. Nitaiweka hapa kwa jina la kazi yenu.